Mwaka 800 kwa hesabu tofauti za kalenda

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 800, Papa Leo III alimvika Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, taji la ukaizari mjini Roma. Lakini katika kumbukumbu za ufalme za Wafranki wenyewe, tukio hilo limeandikwa chini ya mwaka 801. Waandishi wake hawakukosea. Kwao mwaka mpya uliingia siku ya Krismasi, kwa hiyo taji lilivaliwa siku ya kwanza ya 801. Siku ni ileile, mwaka ni mwingine, na sisi na wao sote tunahesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo!

Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya Mashariki, alikotawala malkia Irene, walihesabu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mwaka wao ulianza Septemba mosi, na huo ulikuwa wa 6309. Wayahudi nao huanzia kwenye uumbaji, ila hesabu yao inaleta 4561. Wakopti, Wakristo wa Misri, walikuwa katika mwaka wa 517 wa Mashahidi, hesabu inayoanzia utawala wa Dioklesiano, kaizari wa Roma aliyewaua Wakristo wengi, mwaka 284. China walitaja jina la enzi ya mfalme wao: mwaka wa 16 wa enzi iitwayo Zhenyuan.

Baghdad, katika milki ya khalifa Harun al-Rashid, ulikuwa mwaka 184 wa Hijra, siku za mwanzo za Dhulhija, mwezi ambao sisi watu wa pwani tunauita Mfunguo Tatu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Hijra ilikuwa mwaka 622. Ukitoa 622 katika 800 unabaki na 178. Hiyo 184 imetoka wapi? Imetoka mwezini. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, pungufu kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, na upungufu huo hujilimbikiza hata kila baada ya miaka 33 hivi Hijra inapata mwaka mzima wa ziada. Miaka 178 na miezi mitano ya jua ni karibu miaka 184 ya mwezi.

Ndiyo maana kutoa 622 peke yake hakufai kamwe kugeuza tarehe. Mwaka 184 uliingia mwanzoni mwa Februari 800 na kuisha Januari 801. Ukikuta maandishi yanataja mwaka huo wa Hijra bila mwezi, andika miaka yote miwili ya Kikristo, 800/801, mpaka upate mwezi wenyewe.