Kutolewesha si uhalali, jamani

N'shachoka na kauli hii. Juzi kaja tena kijana dukani Mwanakwerekwe na chupa ya mafuta ya CBD, kemikali moja ya mmea wa bangi, shangazi yake kaja nayo kutoka Uingereza, ananambia "dokta hii si bangi, haileweshi, kwa hivyo halali". Kweli CBD haileweshi. Lakini inatoka mmea uleule, na Zanzibar tuna sheria yetu ya dawa za kulevya mbali na ya Bara, na sheria zote mbili zinakataza bangi. Uhalali wa Uingereza haupandi ndege na mtu.

Hizo kemikali nyengine za bangi, haraka haraka: THCA ipo kwenye bangi mbichi, haileweshi mpaka ipate moto, ukishawasha imekuwa THC, ile yenyewe inayolewesha, basi. CBN ni THC iliyochakaa kwa hewa na mwanga, wanaiuza eti ya usingizi na mie ushahidi wake naona dhaifu.

Inayoniudhi hasa ni delta-8, ndugu yake THC, kwa sababu wanaiita "asilia". Kwenye mmea imo chembe tu, ile ya madukani wanachukua CBD wanaifanyia kazi na tindikali mpaka igeuke, na ikishageuka inalewesha, kidogo kuliko THC ya kawaida lakini inalewesha, na humo hubaki takataka za kemikali ambazo muuzaji hakuandikii. Ilishamiri kwa sababu sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 ilipima delta-9, yaani THC ya kawaida, peke yake, isizidi asilimia 0.3, wafanyabiashara wakapenya hapo. Mwanya wa Marekani huo, si wa Unguja.

Na hili la kuwa CBD "haina madhara"! Dawa ya Epidiolex ni CBD safi, Marekani waliiidhinisha 2018 kwa vifafa vigumu, na anayeitumia hupimwa ini. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyengine, kwa hivyo wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inajaa kwenye damu na mtu anaweza kutoka damu ndani kwa ndani.

Nikamuuliza yule kijana, mafuta ya nani? Ya babu, magoti yanamuuma. Babu anameza nini? Wafarini, na mafuta keshapewa siku nne. Hapo sauti ilinipanda, na mwana wa watu hana kosa, kaambiwa ni majani tu. Nikamwambia asimpe tena hata tone, na babu apelekwe leo leo akapimwe INR, kipimo cha damu inavyoganda.