Bakteria wa tumboni na saratani ya utumbo mpana: maswali na majibu

Ni kweli bakteria wanaweza kuleta saratani ya utumbo mpana?

Wanachangia, na kwa baadhi yao ushahidi sasa ni mzito. Lakini saratani hii haiambukizwi kama kipindupindu. Utumbo mpana wa kila mtu umejaa bakteria, matrilioni kwa matrilioni, na wengi wao wanatufaa: wanamalizia kusaga chakula kilichotushinda, wanatengeneza vitamini K, wanawabana vijidudu wabaya wasipate pa kukaa. Shida ni aina chache zenye madhara zinapoganda kwenye ukuta wa utumbo kwa miaka mingi.

Aina zipi hizo?

Mbili ndizo zinazozungumzwa sana. Ya kwanza ni baadhi ya E. coli. Wengi wa jamii hiyo hawana neno, ila wapo wanaotoa sumu iitwayo kolibaktini, inayonasa DNA ya seli na kuiharibu. Mwaka 2020 watafiti nchini Uholanzi walikuza maabara vipande vidogo mno vya utumbo wa binadamu, wakavidunga bakteria hao ndani, wakarudia hivyo kwa miezi 5. Walipoisoma DNA ya seli zile walikuta makosa yaliyojipanga kwa namna moja, mithili ya alama ya kidole. Wakaitafuta alama hiyo kwenye uvimbe wa wagonjwa wa saratani, na kwa baadhi yao wakaikuta.

Mwaka 2025 utafiti mwingine ulichunguza uvimbe wa wagonjwa 981 kutoka nchi 11. Alama za kolibaktini zilionekana zaidi ya mara 3 kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya miaka 70, na dalili ni kwamba uharibifu huo huanza utotoni. Tumezoea kuuita huu ugonjwa wa wazee. Matokeo haya yanatudai tuwasikilize vijana wanapolalamika tumbo.

Aina ya pili ni Fusobacterium nucleatum. Makao yake ya kawaida ni kinywani, hasa penye fizi zenye ugonjwa, lakini amekutwa kwa wingi ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Hujishikiza kwenye seli za saratani na kuzikinga zisishambuliwe na askari wa mwili. Mwaka 2017 ilionekana kwamba saratani ikisambaa hadi kwenye ini, husafiri naye. Wanasayansi bado wanabishana: yeye ndiye aliyeuchokoza uvimbe, au aliukuta akahamia?

Basi nikipiga mswaki vizuri nimepona?

Tunza meno na fizi kwa faida zake zenyewe. Kwamba kunazuia saratani ya utumbo, hilo halijathibitishwa.

Chakula kinaingiaje hapa?

Kinaingia sana. Nyuzinyuzi za mboga, maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa hupita utumbo mwembamba bila kusagwa. Zikifika chini, bakteria huzichachusha na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Butireti pia hutuliza ukuta huo unapowaka na kuvimba ndani kwa ndani.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2015 ambalo nalipenda sana. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki 2: wale wakala nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, hawa wakala nyama na mafuta kwa wingi. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka zaidi ya maradufu; kwa wenzao ilishuka hadi nusu. Siku 14 hazitoshi kuzuia saratani, lakini zinatosha kuona jinsi bakteria wanavyoifuata sahani yako.

Nyama zilizosindikwa, kama soseji, ni suala jingine. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linazihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani hii.

Nimeze antibiotiki niwaue wote? Au dawa ya kusafisha utumbo?

Hapana, tafadhali. Antibiotiki hazichagui, zinaua na wale wanaokulinda. Na hizo dawa za "kusafisha" haziondoi uvimbe wowote.

Nipime nini, basi?

Usitafute kipimo cha bakteria. Kinachookoa watu ni kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, na kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye utumbo mpana. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo, kipolipu, ambacho huchukua takriban miaka 10 kugeuka. Kikionekana mapema hukatwa papo hapo, na saratani haipati pa kuanzia. Miongozo mingi inashauri kuanza kupima kati ya miaka 45 na 50, na mapema zaidi kama mzazi au ndugu wa damu aliugua.

Nimeona damu kwenye choo. Si bawasiri tu?

Huenda. Lakini usijipe jibu hilo mwenyewe, hata ukiwa na miaka 28. Nenda hospitali umweleze daktari damu ilianza lini, ni nyekundu au nyeusi, kama choo chako kimebadilika, kama umepungua uzito au unachoka bila sababu, na nani katika ukoo aliwahi kuugua.