Je, Wajua Kwa Nini Klabu za Vijana Mombasa Hazina Viwanja Vyao?

Mwaka 1965, ligi ya taifa ya soka ya Kenya ikiwa katika msimu wake wa tatu tu, ubingwa ulikwenda Mombasa kwa klabu ya Feisal. Jiji lenye sifa kama hiyo lingetarajiwa kuwa na klabu za vijana zenye viwanja vyao wenyewe, lakini ukiuliza timu ya mtaani Majengo, Tudor, Kisauni au Likoni inafanyia wapi mazoezi, mara nyingi utatajiwa uwanja wa shule, wa kaunti au wa shirika fulani. Timu ni ya mtaa. Ardhi ina mwenyewe.

Sababu ya kwanza ni kisiwa chenyewe. Kisiwa cha Mombasa kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 14, na humo humo mna Mji wa Kale, bandari ya zamani, masoko, misikiti, makaburi na nyumba za watu. Zaidi ya hayo, kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na mahali pengi udongo ni haba. Ndiyo maana nyasi hazishiki vizuri, na mlinda mlango anayeruka kuudaka mpira huinuka na magoti na viwiko vilivyochubuka. Kipande cha ardhi tambarare chenye udongo wa kutosha kilikuwa na wenyewe zamani, kabla ya klabu nyingi za leo kuanzishwa.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni historia ya umiliki. Mwambao huu, ule ukanda wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963, huku ukitawaliwa na Waingereza. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani ajitokeze na kuthibitisha dai lake, na ardhi isiyothibitishwa na mtu ikawa mali ya serikali. Uwanja ambao watoto wa mtaa walikuwa wakiuchezea ulikuwa mahali pa wote, na kwa hivyo hapakuwa na mmoja wa kuudai kwa jina lake. Waliobaki na ardhi kubwa zenye hati walikuwa serikali, manispaa, shule, watu binafsi wenye uwezo na mashirika. Mfano wa mashirika hayo ni Mamlaka ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1978, ambayo uwanja wake wa Mbaraki ndio nyumbani kwa Bandari FC, mabingwa wa kombe la shirikisho la nchi mwaka 2019.

Klabu ya vijana haina mwajiri wa namna hiyo nyuma yake. Mali yake hukaa kwa kocha: gunia la mipira, jezi zinazofuliwa nyumbani, daluga za kuazimana, na chokaa ya kuchorea mistari asubuhi ya mechi. Ikifukuzwa hapa huhamia pale kwa jina lile lile, na wazee wake wataendelea kubishana juu ya fainali zilizochezwa katika viwanja ambavyo sasa ni majengo.

Upotevu huo si wa Mombasa peke yake. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, vikiwemo viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria katika sehemu nyingi za Kenya. Hapa Mombasa, Uwanja wa Manispaa nao, ulipobomolewa ili ujengwe upya, ulikaa miaka mingi bila kukamilika, na hiyo ni hasara nzito kwa kijana ambaye umri wake wa kucheza haumngojei mkandarasi.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la vifaa na viwanja vya michezo, na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inaziruhusu klabu kusajiliwa rasmi. Klabu iliyosajiliwa inaweza kuandikiana mkataba na shule au kaunti badala ya kutegemea ahadi ya mdomo, ambayo hufa mwalimu mkuu anapohamishwa. Na kabla ya mkataba wowote, viongozi wa klabu wanaweza kuomba utafutaji rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi, wakaona uwanja wanaouchezea umeandikwa kwa jina la nani.