Kompresheni ni kipimo, si rangi ya moshi

Hapa Malindi neno kompresheni limegeuzwa hukumu. Gari la dizeli likisumbua kuwaka asubuhi na kufuka moshi, fundi anafungua kifuniko cha oili, anaona kamvuke kanapanda, anatikisa kichwa: "Mzee, kompresheni imekwisha. Tufungue injini." Mwenye gari, ambaye riziki yake yote ni hiyo pikapu ya kubebea maembe kutoka Marafa, anaanza kuhangaikia pesa za ringi na pistoni. Kumbe hakuna aliyepima chochote. Na kamvuke kale? Hata injini isiyo na kasoro hukatoa.

Kompresheni ni ule mbano wa hewa ndani ya silinda pale pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka humo, inapopanda huku valvu zote, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zimefungwa. Basi. Kwenye petroli plagi ndiyo huwasha. Dizeli haina cheche, joto lake linatokana na mbano wenyewe. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto chini. Injini ya dizeli huibana hewa mara 16 hadi 22 hivi, joto likapita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyiziwa humo hushika moto yenyewe. Rudolf Diesel alilionyesha jambo hili Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na mpaka leo halijabadilika.

Linaloniudhi ni kuchanganya kukosa kompresheni na kula oili. Ni maradhi mawili, ingawa wakati mwingine huja pamoja. Pistoni kwa kawaida ina ringi tatu, pete za chuma zinazoizunguka. Mbili za juu ndizo zinazuia mbano usivuje. Ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda. Hiyo ya chini ikiganda kwa masizi, oili hupanda, ikaungua, ukaona moshi wa buluu, na huku zile mbili za juu bado zinashika vizuri. Tena oili huweza kupitia juu kabisa, kwenye sili za valvu. Gari likilala, oili inachuruzika usiku kucha. Asubuhi ukiwasha linatoa pafu moja la buluu, kisha linatulia. Hapo wa kubadilishwa ni mpira mdogo wa sili, wala si injini yote.

Na kinyume chake kipo. Valvu imeungua, au tapeti zinazosukuma valvu zimekazwa mno valvu zikawa hazifungi sawasawa, au gasketi, ule utando wa kuziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imepasuka kati ya silinda mbili: mbano umekwenda, na huoni buluu hata chembe.

Moshi mweupe ndio unaoponza wengi. Kwanza uunuse. Moshi huo ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, hiyo ni dizeli iliyopita bila kuungua. Huenda kweli mbano ni mdogo, lakini huenda pia nozo, kile kinyunyizio cha dizeli, inadondosha badala ya kunyunyiza, au pampu ya dizeli inachelewa kupiga, au hita plagi, vile vijiti vya umeme vya kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, zimekufa. Hizi za mwisho hapa pwani hujificha sana. Asubuhi ya Malindi ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20, kwa hiyo gari lenye hita plagi mbovu halikatai kabisa. Linawaka kwa tabu, linachechemea, linafuka jeupe kidogo, likipata moto linakuwa zima kama si lenyewe. Ni dalili zile zile anazoziita fundi "kompresheni". Na kuzijua ni kazi ya taa ndogo ya kupimia: ondoa waya unaoziunganisha, waya mmoja wa taa uushike kwenye chanya ya betri, mwingine uguse kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa.

Kuna na stata, mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Ikizunguka pole pole, hewa inapata muda wa kuvuja na joto la kupotea, hata injini iwe mpya. Upepo wetu wa bahari unakula vichwa vya betri vikaota ukungu wa kijani; visugue kabla hujamlaumu pistoni. Mweupe wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, mwangalie gasketi. Mweusi, anza na filta ya hewa, hasa kwa gari linalokula vumbi la njia za bara. Hilo vumbi lisidharauliwe: filta ikichanika, ndilo linalosaga ringi na kuta za silinda mpaka mbano upotee kweli.

Sasa kupima. Betri ijazwe, dizeli ikatwe, hita plagi au nozo zitolewe, geji ya kupimia mbano ifungwe kwenye tundu hilo, upige stata, silinda moja baada ya nyingine. Petroli nyingi zilizo nzima husoma kati ya 130 na 200, dizeli ndogo kati ya 350 na 450 au zaidi, paundi kwa inchi ya mraba; kitabu cha injini yenyewe ndicho hakimu. Tofauti baina ya silinda ndiyo yenye maneno mengi. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, fikiria gasketi. Moja ikiwa chini peke yake, tia oili kidogo ndani upime tena: ikipanda, ringi, isipopanda, valvu. Kwa dizeli oili hiyo iwe matone tu, maana nafasi ya juu ya pistoni ni finyu na oili nyingi itakupa namba ya uongo, kama haikuvunja kitu.

Kwa hiyo, fundi wangu, ukiwa na geji mtajie mwenye gari namba, silinda kwa silinda. Kama hujapima, mwambie tu gari lake linawaka kwa tabu na linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli. Hayo ni maelezo kamili, atakuelewa, na neno kompresheni likae mpaka geji ije.