Ramu ya Moto ya Siagi: Tunayodhani na Ilivyo Kweli

Siagi kwenye pombe jamani? Hilo ndo swali la kwanza la kila mtu, na mimi niliuliza hivyohivyo Krismasi yangu ya kwanza hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, theluji iko magotini na shemeji ananipa mug inanukia kama pilau masala iliyokutana na keki. Siku hizi kila Desemba kazi ya kuitengeneza ni yangu, na kila Desemba nasikia maneno yaleyale.

Linaloharibu zaidi ni hili, ati "unatumbukiza kijiko cha siagi kwenye kikombe, basi". Nilifanya hivyo nikapata mafuta yanaelea kama supu ya mbuzi, wageni wakafuta midomo kwa adabu. Siagi unaipiga kabla: gramu 115 iliyolainika, sukari ya kahawia gramu 200 (sukari guru ya kukuna inakubali pia, mi naona hata ni tamu zaidi), mdalasini kijiko kimoja cha chai, kungumanga ya unga nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko, chumvi punje chache, piga mpaka iwe laini halafu weka friji. Wageni wakifika, vijiko viwili vya mezani kwenye mug, ramu ya rangi ya kahawia mililita 60, maji yaliyotoka kuchemka mililita 180, koroga kwa nguvu. Ukiiacha ikae itajitenga tu, kwa hiyo koroga tena katikati na inywe ingali moto. Majarini usijaribu, utamu wa maziwa ndo kazi yenyewe ya siagi.

Halafu wapo wanaoongeza olspaisi (allspice), na wengi wanadhani ni viungo vilivyochanganywa kiwandani. Wapi, ni tunda moja dogo lililokaushwa, mti wake uko Jamaika na nchi za jirani, harufu tu ndo inachanganya mambo.

Sisi wa pwani nasi tuna la kwetu, tunapenda kusema karafuu ya kinywaji hiki tangu zamani ilitoka Zanzibar. Natamani ingekuwa hivyo. Watu wa huku walikuwa wanatengeneza ramu kwa molasi (shira nyeusi ya miwa) ya Karibi tangu miaka ya 1600, wakati huo karafuu yote ya dunia ilikuwa inatoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Zanzibar mikarafuu imepandwa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Ila baada ya hapo wafanyabiashara wa Salem, mji wa hukuhuku Massachusetts, walikuja sana Unguja, Sultani Seyyid Said akawekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, wakawa wanaleta kitambaa cha pamba tulichokiita merikani na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi (utomvu wa kutengenezea vanishi) na karafuu. Kwa hiyo mug ya mwaka 1840, hapo sawa, naweza nikajisifia kidogo.

Sasa hili ni la hatari: "mpe tu mtoto, pombe ishaisha kwa moto". Haijaisha! Pombe inachemka kwenye nyuzi 78 kweli, lakini ukiimimina kwenye maji moto na kutoa jikoni inabaki kama asilimia 85, na hata ukiichemsha taratibu nusu saa bado inabaki theluthi hivi. Watoto watilie juisi ya tofaa ya moto na siagi ileile, hawatajua wamekosa nini.

Na lile la "kunywa upate joto kabla hujatoka nje"? Joto unalisikia kweli, lakini ni kwa sababu pombe inapanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu na joto linapotea hewani, mwili ndani unazidi kupoa na wewe unajiona shujaa bila kofia. Ndo maana shemeji ana sheria yake mlangoni: koleo la theluji kwanza, theluji ikishaondoka, buti zikishavuliwa, ndo anawasha birika.