Watoto wa Ranchi za Marekani na Shule Zao: Yanayodhaniwa na Yaliyokuwa

Filamu za makauboi zilitufikia zamani, na kila aliyezitazama ana picha yake kichwani: farasi, bastola, vumbi, na mwanamume asiye na mke wala mtoto. Watoto hawamo. Wakiwemo, huchungulia dirishani risasi zikilia, kisha hatuwaoni tena. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba jaji mmoja mkubwa wa Marekani alikulia kwenye ranchi ya ng'ombe, hudhani ama alikuwa binti wa tajiri, ama alitoka gizani kwa muujiza. Hakuna hata moja kati ya hayo. Anayetaka kuelewa utoto wa ranchi na aanze kwa kuuliza mvua ilinyesha kiasi gani.

Jaji mwenyewe ni Sandra Day O'Connor, aliyezaliwa 1930 na kulelewa Lazy B, ranchi iliyokuwa mpakani mwa majimbo ya Arizona na New Mexico. Mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Nitamrudia mara kwa mara, kwa kuwa habari za utoto wake zinajulikana vizuri kuliko za wengi wa rika lake.

Dhana: Watoto hao walikulia katika zile enzi za kuswaga makundi marefu ya ng'ombe

Hapana. Safari zile za kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye reli za kaskazini zilidumu miaka ishirini hivi tu, kuanzia 1866. Zilikuwa kazi ya vijana wasio na familia. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge ya miiba, na kidogo kidogo nyika iliyokuwa wazi ikagawanywa. Kisha baridi kali ya 1886 hadi 1887 ikaua ng'ombe wasiohesabika katika nyanda za kaskazini. Kilichobaki ni ranchi zenye mipaka, visima, nyumba na wake. Watoto, na suala la shule, walikuja na ranchi za namna hiyo.

Dhana: Ranchi kubwa ni utajiri mkubwa

Lazy B ilikuwa na ekari 198,000 hivi, karibu nusu ya kisiwa cha Unguja. Ukiambiwa hivyo utawaza jumba la ghorofa na watumishi. Lakini mvua ya kule kwa kawaida haifiki milimita 300 kwa mwaka, nyasi ni za kuokoteza, na eneo lote hilo lilibeba takriban ng'ombe 2,000. Yaani ng'ombe mmoja kwa kila ekari 100. Tena ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa haikuwa ya akina Day, familia ya Sandra. Ilikuwa ya serikali, wao wakilipia haki ya kulisha.

Nyumba ilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Hakukuwa na umeme wala maji ya bomba mpaka Sandra alipofika miaka saba. Wala hawakuwa peke yao: katikati ya miaka ya 1930, mashamba tisa kati ya kumi Marekani hayakuwa na umeme. Maji ya ng'ombe yalivutwa kutoka ardhini kwa pampu za upepo, na pampu ikiharibika wakati wa joto, mifugo ya upande ule haina siku nyingi. Kuzungukia visima ilikuwa kazi isiyoahirishwa, iwe Jumapili au sikukuu. Ukame wa miaka hiyo ulifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali kuu ilianza kununua ng'ombe waliokondeana ili wafugaji wasikose vyote.

Suala la shule linaanzia hapo. Mahali ambapo ng'ombe mmoja anahitaji ekari 100, jirani yako yuko mbali sana. Majirani wakiwa mbali, huwezi kupata watoto wa kujaza darasa, wala kodi ya kumlipa mwalimu. Shule ilishindikana kwa sababu ileile iliyofanya ranchi iwe kubwa.

Dhana: Wafugaji hawakujali elimu

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zaidi. Tazama familia hizo zilifanya nini. Wengine walimwajiri mwalimu aje kuishi nyumbani, ale pamoja nao, afundishe watoto watatu au wanne mezani. Wengine waliagiza masomo kwa posta: shule ya Calvert ya Baltimore ilianza mwaka 1906 kuwapelekea wazazi vitabu na maelekezo ya kufundishia nyumbani. Katika familia nyingine mama alihamia mjini na watoto muhula wote, baba akabaki na ng'ombe, ndoa ikaishi kwa barua na likizo. Na wengine waliwapeleka watoto kwa ndugu.

Kwa akina Day, mama mtu, Ada Mae, alikuwa msomi wa chuo kikuu. Alimfundisha bintiye kusoma akiwa na miaka minne hivi, na posta ikamletea gazeti la Wall Street Journal na jarida la New Yorker huko huko nyikani. Lakini mama hawezi kuwa shule kwa miaka kumi na miwili. Alipofika umri wa kuanza darasa, Sandra alipelekwa El Paso, Texas, zaidi ya kilomita 250 kutoka ranchi, akaishi na bibi yake mzaa mama na kusoma katika shule ya wasichana ya Radford. Nyumbani alirudi likizo tu. Aliikumbuka ranchi mno, kiasi kwamba mwaka wa darasa la nane aliomba akae na wazazi na kusoma katika mji wa Lordsburg, New Mexico. Basi la shule lilisafiri kilomita 50 hivi kwenda na nyingine 50 kurudi. Alitoka nyumbani giza halijaondoka na kurudi giza limeshaingia, hivyo ile ranchi aliyoililia hakuiona mchana isipokuwa mwisho wa wiki. Mwaka uliofuata akarudi El Paso.

Wasomaji wa Simanjiro au Marsabit hawahitaji kuelezwa. Mtoto wa mfugaji mahali pakame ana njia mbili, bweni au kwa ndugu mjini, na zote mbili zinamtoa nyumbani akiwa bado na meno ya utoto. Anayesema mzazi wa namna hiyo hajali elimu hajawahi kumfungashia sanduku mtoto wa miaka sita.

Kuna jambo jingine katika ukoo huo. Babu, Henry Clay Day, aliyeianzisha ranchi mwaka 1880, aliihamishia familia yake Pasadena, California, watoto wapate shule. Harry, baba yake Sandra, alitamani kusoma chuo kikuu cha Stanford, baba mtu akafariki, ranchi ikawa na matatizo, akaitwa kuisimamia na hakuondoka tena. Bintiye aliingia Stanford mwaka 1946 akiwa na miaka 16.

Dhana: Shule ya chumba kimoja ilikuwa ya ovyo

Wengine husema kinyume chake, kwamba ilikuwa pepo ndogo ambamo kila mtoto alipendwa. Zote mbili zimetiwa chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya 1910 Marekani ilikuwa na shule karibu 200,000 za mwalimu mmoja. Mwalimu huyo aliweza kuwa na darasa la kwanza hadi la nane chumbani humo humo, akiita kundi moja mbele kusoma kwa sauti huku wengine wakifanya hesabu kwenye vibao. Mdogo aliyekuwa makini alisikia masomo ya wakubwa miaka mitatu kabla ya zamu yake, na mkubwa aliyesahau aliyasikia tena. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Hayo ndiyo mazuri yake, na ni mazuri ya kweli.

Upande wa pili: mwalimu mara nyingi alikuwa msichana aliyemaliza shule juzi tu, mwenye umri unaokaribiana na wa wanafunzi wake wakubwa. Alilala kwa zamu nyumbani kwa wazazi, leo huku mwezi ujao kule, na kabla ya kufundisha alipaswa kuwasha jiko la chuma na kufagia. Katika maeneo maskini muhula ulikuwa wa miezi michache, na wakati wa kutia ndama chapa wavulana wakubwa walipotea darasani. Farasi waliowaleta watoto walifungwa bandani nyuma ya shule mpaka jioni. Ubora wa shule ulimtegemea mtu mmoja, na akiolewa, mara nyingi alilazimika kuacha kazi.

Dhana: Ng'ombe ni kazi ya wavulana

Kwenye ranchi mikono ilikuwa michache mno kwa ubaguzi wa namna hiyo. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, iliyobana ajira ya watoto viwandani, haikuwagusa watoto wanaofanya kazi katika shamba la wazazi wao. Sandra alipanda farasi, alitumia bunduki, na alianza kuendesha gari mara tu alipoweza kuona mbele juu ya usukani. Mpaka mdogo wake Ann anazaliwa, yeye alikuwa mtoto wa pekee, na wenzake wa mazungumzo walikuwa makauboi watu wazima.

Kisa chake kimoja kinafaa kusimuliwa. Akiwa bado msichana wa shule, alitumwa peke yake na pikapu kuwapelekea chakula cha mchana baba yake na wafanyakazi waliokuwa wakitia ndama chapa mbali na nyumbani. Njiani akapata pancha. Hakuna wa kumsimamisha barabara ile. Akapiga jeki, lakini nati zilikuwa zimeshika kutu na gurudumu likazunguka nazo. Akalishusha gari tairi liguse chini, akaipanda spana kwa uzito wake wote mpaka nati zikalegea, akalipandisha tena na kubadilisha tairi. Alipofika amechelewa, kazi ilikuwa imeshaanza, na kundi la ndama halisimamishwi katikati. Walikula walipomaliza. Baba yake hakumsifu. Alimwambia tu kwamba alipaswa kutoka nyumbani mapema zaidi.

Wengi hukisimulia kama funzo la kujitegemea. Mimi naona pia ukavu wa baba, na sidhani kila mtoto aliyelelewa hivyo aliufurahia.

Dhana: Ranchi ilikuwa dunia ya wazungu

Mbinu zenyewe za kazi, tanzi, tandiko na hata neno ranchi, zilitoka kwa wafugaji wa Meksiko. Inakadiriwa kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. George McJunkin alizaliwa mtumwa Texas mwaka 1851, na hakupata nafasi ya darasa. Simulizi za maisha yake husema aliwafundisha vijana wa tajiri wake jinsi ya kuzoesha farasi wakali, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma. Akawa msimamizi wa ranchi ya Crowfoot, New Mexico, akipiga fidla na kukusanya mawe na mifupa ya kale. Mwaka 1908, baada ya mafuriko kuchimba korongo karibu na mji wa Folsom, aliona mifupa mikubwa kuliko ya nyati wa kawaida. Aliwaeleza watu kwa miaka, na wataalamu hawakuja. Alifariki 1922. Uchimbaji ulianza 1926, na mwaka uliofuata ikapatikana ncha ya mkuki wa jiwe kati ya mbavu za nyati wa jamii iliyotoweka: ushahidi kwamba watu walikuwa Amerika zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Watoto wenye asili ya Meksiko huko Texas walipata shule, lakini kwa sharti. Sheria ya mwaka 1918 ilifanya kuwa kosa kwa mwalimu kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, na ilidumu hadi 1969. Mtoto aliyeongoza ng'ombe kwa Kihispania tangu alfajiri aliingia darasani na kuadhibiwa kwa maneno yaleyale. Waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili au lugha ya nyumbani wanaijua adhabu hiyo.

Dhana: Hayo yote yamekwisha

Mabasi na barabara za lami zilizifunga shule nyingi ndogo, na akina Day wenyewe waliiuza Lazy B. Lakini jimboni Montana bado kuna makumi ya shule za chumba kimoja. Nyingine zina wanafunzi chini ya watano, na wazazi wa wengi wao ni wafuga ng'ombe.