Kuchoma nyasi kabla ya mvua hakurutubishi uwanja wa gofu

Kila Oktoba, Tabora ikingoja mvua, wengi huamini kwamba uwanja mdogo wa gofu huandaliwa kwa kiberiti: nyasi kavu zichomwe, majivu yawe mbolea, ukoka uchipue kwa nguvu.

Imani hiyo ina chanzo. Palipoungua huwa kijani mapema kuliko pembeni. Ila ukoka huchipua kutoka kwenye vishina vilivyo chini ya udongo, na moto umeondoa tu kivuli cha majani makavu. Majivu huacha potasiamu na kalisi, ni kweli. Naitrojeni, ambayo nyasi huihitaji kuliko kirutubisho kingine chochote cha udongoni, sehemu yake kubwa hupotea na moshi. Tena udongo wa kichanga ukiachwa wazi, mvua kubwa ya kwanza huuzoa. Kwangu hiyo ndiyo hasara nzito, maana nyasi zitaota tena, lakini udongo uliokwenda bondeni haurudi.

Kufyeka na kukusanya kwa reki hufungua jua vilevile, na mabaki huozeshwa yakawa mboji. Mashimo ya kuingizia mpira yaliyozungukwa na mchanga badala ya nyasi hayahusiki hapa. Hayo ni ya kusawazishwa tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Chagua kipande kilichoungua na kilichofyekwa, vyenye mteremko sawa. Mvua ikinyesha, kinga maji yanayotiririka katika chupa mbili angavu, yaache yatulie hadi asubuhi, kisha linganisha tope. Januari, linganisha pia mabaka yasiyo na nyasi katika vipande hivyo viwili.